"Mwanangu hatoki jasho, na meno yake ni manne tu"

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kibaigwa. Wa pili ni wa kiume, ana miaka minne. Alipozaliwa ngozi yake ilikuwa inababuka mwili mzima, wakaniambia itakwisha yenyewe, na kweli ikaisha. Meno yalichelewa sana, mpaka leo ana manne tu na yamechongoka. Nywele ni chache na nyepesi, nyusi ni kama hana, kucha zinakatika ovyo. Linalonitesa ni joto. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zianze, kila mchana mwili unachemka, anajilaza kwenye sakafu, na sijawahi kumwona akitoka jasho. Zahanati wanapima malaria, hawaioni, lakini tunarudi na dawa. Alipokuwa na miezi minane bibi mmoja alimkata fizi akisema ana meno ya plastiki. Marehemu kaka yangu naye alikuwa na meno ya namna hii, alifariki mdogo kwa degedege. Mama mkwe anasema ni laana ya ukoo wetu, na mume wangu ameanza kumsikiliza. Binti yangu wa miaka kumi na moja ni mzima, ila meno mawili ya juu hayajaota. Huu ni ugonjwa gani? Unatibika? Na nikizaa tena itakuwaje?"*

Marahaba, mama. Nianze na la haraka, maelezo yatafuata. Mtoto huyo akichemka mchana, usimfunike na usikimbilie panado. Mvue nguo, mweke kivulini penye upepo, mloweshe mwili mzima kwa maji ya kawaida kuanzia kichwani, kisha mpepee. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Mpime kwa kipimajoto kabla ya kumlowesha, na umpime tena baada ya nusu saa. Namba hizo mbili zina thamani kubwa kuliko kiganja kwenye paji la uso, na nitakueleza sababu yake.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ngozi iliyobabuka siku za kuzaliwa, meno machache yaliyochongoka, nywele haba, nyusi ambazo ni kama hazipo, mwili usiotoka jasho, na mjomba aliyekuwa na meno ya namna hiyo: dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja wa kiume, daktari wa ngozi hufikiria kwanza ugonjwa wa kurithi uitwao ektodemo displasia, aina ile inayomnyima mtu tezi za jasho. Sijamwona mwanao, kwa hiyo uthibitisho ni lazima utoke kwa mtu atakayemkagua kinywa, ngozi na viganja. Lakini umeeleza kwa ukamilifu ambao wengi wetu hatuupati hata mgonjwa akiwa mbele yetu, na sioni ugonjwa mwingine unaoyaunganisha yote uliyoyataja.

Watu hushangaa jino na jasho kuwa na uhusiano. Mtoto akiwa na wiki chache tumboni, mwili wake ni matabaka matatu tu ya chembe hai. Tabaka la nje ndilo linalotoa ngozi, nywele, kucha, gamba gumu la meno, tezi za jasho na hata tezi za maziwa. Kila kimoja kati ya hivyo huanza kwa ishara: chembe mahali fulani huambiwa zijikunje kuingia ndani na kuanza kujenga. Mojawapo ya ishara hizo ni protini iitwayo ektodisplasini A, na maagizo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni ya EDA, iliyo kwenye kromosomu X, kimojawapo cha vifurushi vinavyobeba vinasaba. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu, ishara haitoki au hutoka dhaifu. Ufizi unabaki bila chipukizi la jino, na ngozi bila tezi. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoyala meno ya mwanao wala kuziteketeza nywele zake. Havikujengwa tangu mwanzo. Ndiyo maana hali hii haimwambukizi mtu, haienei mwilini mwaka hadi mwaka, na haina uhusiano wowote na ulichokula, ulivyosuka nywele wala ulichofanya ukiwa mjamzito.

Wala si jambo lililoanzia kwenu. Mwaka 1875 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, aliandika habari za ukoo mmoja wa Sindh, eneo ambalo leo ni sehemu ya Pakistan, ambamo wanaume kumi katika vizazi vinne walikuwa na meno machache, nywele haba, na waliteswa mno na joto. Aliandika pia kwamba mabinti wa ukoo ule hawakuwa hivyo, lakini waliwapitishia wana wao wa kiume. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1996. Nakutajia hayo ili yeyote atakayesema ukoo wenu pekee ndio umeangukiwa na jambo la ajabu ajue ugonjwa huu una maandishi ya zaidi ya karne, kutoka upande mwingine wa bahari.

Joto ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa kuwa ndilo la hatari kuliko yote katika ugonjwa huu, na linaweza kuua.

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuyaacha yapenye ukutani na kukauka nje. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ngozi ya binadamu hufanya hivyo hivyo kwa jasho. Hewa ikiwa baridi, mwili una njia nyingine za kupoteza joto, lakini hewa ikikaribia joto la mwili, kama ilivyo chini ya bati saa nane mchana mwezi wa kumi, njia hizo hufungwa na hubaki jasho peke yake. Mwanao hana njia hiyo. Anapojilaza sakafuni hafanyi uvivu wala deko. Anatafuta baridi kwa akili yake mwenyewe, na yuko sahihi. Usimkataze.

Kuna habari njema ambayo sisi watu wa Dodoma hatuifikirii. Hewa yetu ni kavu, na ukavu huo unaopasua midomo ndio unaokausha maji haraka juu ya ngozi. Fulana ya pamba iliyoloweshwa itampoza mtoto wa Kibaigwa vizuri kuliko ingempoza mtoto wa Dar es Salaam au Tanga, ambako hewa imeshiba unyevu na maji hukaa mwilini bila kukauka. Kwa hiyo jasho alilonyimwa unaweza kumpa kutoka nje. Najua maji kwenu ni ya ndoo na yana bei. Haihitaji kumwogesha kila saa: lowesha fulana na kofia tu, ukamue visidondoke, mvishe, zikikauka, rudia. Chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni, inatosha kwa safari nzima ya basi. Usitumie spiriti kumpoza, kwa sababu huingia mwilini kupitia ngozi na inaweza kumdhuru. Na kama nyumbani kwa bibi bado kuna tembe yenye paa la udongo, mtoto ashinde humo saa za jua kali badala ya kukaa kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Tembe haipati joto haraka, na kwa mtoto huyu hilo ni matibabu kamili.

Sasa nieleze zile namba mbili. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani. Mtoto akipata malaria au nimonia, ubongo wenyewe hupandisha kiwango hicho. Ndiyo maana hutetemeka na kusikia baridi ilhali mwili unawaka. Panado hukishusha kiwango kilichopandishwa. Lakini mtoto aliyepata joto kwa kukosa jasho kiwango chake kiko palepale. Joto limeingia na limekosa pa kutokea, na panado haina cha kushusha. Ukimlowesha na kumpepea, baada ya nusu saa namba inashuka na mwenyewe anaamka kuomba mpira. Homa ya maambukizi haiko hivyo: itashuka kidogo na kupanda tena, na itakuja hata usiku wa manane na alfajiri, wakati Kibaigwa kuna baridi. Homa ya namna hiyo mpeleke zahanati siku hiyohiyo, apimwe malaria na asikilizwe kifua.

Naomba unielewe vizuri hapa, maana ushauri nusu unaweza kuleta msiba. Sisemi mwanao hawezi kupata malaria. Mkoa wetu una maambukizi machache ya malaria ukilinganisha na mikoa ya kanda ya ziwa, lakini yapo, na mtoto huyu anaambukizwa kama mwingine. Maambukizi ya kifua yanaweza hata kumpata mara nyingi zaidi, kwa sababu tezi zinazolainisha njia ya hewa nazo ni chache. Ninachokataa ni dawa ya malaria baada ya kipimo kusema hakuna malaria, na antibiotiki kwa kila joto la mchana. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, joto la kwanza, joto la pili, alikuwa wapi. Mganga wa zahanati akiona kurasa mbili za namna hiyo, na akiona kwamba joto huja saa saba na kuondoka kwa maji, atabadilisha mawazo haraka kuliko ukimwambia kwa maneno.

Akifika nyuzi 40 na zaidi, akichanganyikiwa, akiwa mlegevu kupita kawaida, akitapika au akikataa kunywa, au akipata degedege, hiyo ni dharura. Wakati wa degedege mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, na endelea kumpoza njiani: mfunge kanga iliyolowa maji hata kama mko kwenye bodaboda. Watoto wengi hupakiwa wakiwa wamefungwa blanketi, na kwa mtoto huyu blanketi ni hatari. Kuhusu marehemu kaka yako, hakuna awezaye kusema leo kilichomwondoa. Joto kali lisilopozwa linaweza kuleta degedege na kifo kwa mtoto mdogo mwenye hali hii, na wazazi wako hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Pole sana.

Kuhusu meno ya plastiki nitasema wazi. Hayapo. Kile kitu cheupe na laini ambacho waganga huwaonyesha wazazi baada ya kukata ufizi ni chipukizi la jino la kawaida ambalo bado halijawa gumu. Kila mtoto mchanga anayo. Homa na kuharisha vinavyosingiziwa meno hayo vina sababu nyingine, na kisu kisichochemshwa huleta maambukizi ya damu, pepopunda, na wakati mwingine kifo. Kwa mwanao kuna hasara ya ziada: mtoto aliyeumbiwa machipukizi machache huenda alinyang'anywa hata moja kati ya hayo. Sikulaumu, ulikuwa na mtoto anayechemka kila siku na mtu mzima akakwambia ana jibu. Lakini ukizaa tena, au jirani akiambiwa hivyo, tafadhali simama mlangoni.

Usishangae pia daktari akiagiza kipimo cha kaswende. Kaswende ya kuzaliwa nayo hubadilisha umbo la meno na daraja la pua, na kipimo chake ni rahisi. Haina maana kwamba anakushuku. Meno yake huwa na pengo dogo kwenye ncha, hayachongoki kama unavyoyaeleza, lakini ni busara kuondoa shaka.

Tuje kwenye laana. Mama mkwe wako ameona jambo la kweli na akalipa maelezo ya uongo. Ni kweli hali hii imepitia upande wako. Sitakuficha hilo, kwa sababu ukifichwa leo utaambiwa kwa ubaya kesho. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Mtoto wa kiume hupata Y kwa baba yake, na X yake pekee hutoka kwa mama. Wewe, kwa kuwa na kaka na mwana wenye dalili zilezile, karibu hakika ni mbebaji: X yako moja ina jeni nzima, nyingine ina jeni yenye hitilafu. Ile nzima imekubeba wewe maisha yako yote. Mwanao alipata ile nyingine, na hana ya pili ya kumsaidia. Hukuchagua X ipi umpe, kama ambavyo mumeo hakuchagua kumpa Y. Hitilafu kama hizi hutokea vinasaba vinaponakiliwa, huenda kwa bibi yako au kwa mama wa bibi yako, na kuna familia ambazo mtoto huzaliwa nayo bila mama kuwa nayo kabisa.

Hapa Tanzania tunaujua zaidi urithi wa ualbino, na wengi hudhani magonjwa yote ya ngozi ya kurithi yanapita njia ile. Kwenye ualbino lazima baba na mama wote wawili wawe wamebeba jeni, ingawa mara nyingi lawama humwangukia mama peke yake. Kuna njia nyingine tena: ipo aina ya ektodemo displasia ambayo jasho na meno ni ya kawaida, lakini kucha ni nene, viganja vigumu na nywele hupukutika, nayo hutoka kwa mzazi mmoja yeyote kwenda kwa watoto wa kike na wa kiume sawasawa. Na aina ya kukosa jasho nayo inaweza, katika familia chache, kupita kwa wazazi wote wawili kupitia jeni nyingine. Kwenu, kwa jinsi ilivyompata mjomba na mpwa wa kiume, njia ya X ndiyo inayoelekea zaidi.

Kwa hesabu hiyo nijibu swali lako la kuzaa tena. Kila mimba ina matokeo manne yenye uwezekano sawa: binti asiye na jeni hiyo, binti mbebaji, mwana mzima, mwana mwenye ugonjwa kama kaka yake. Kwa hiyo kabla jinsia haijajulikana ni robo. Kwa mtoto wa kiume ni nusu. Na kila mimba huanza hesabu upya. Kuwa na mwana mmoja mwenye hali hii hakumkingi wa pili, wala hakumwongezei hatari. Sitakwambia uzae au usizae, hilo ni lenu wawili. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mtoto anayezaliwa familia ikiwa inajua ana nafasi tofauti kabisa na ile aliyokuwa nayo kaka yako. Mwambie mkunga mapema. Mtoto wa kiume akizaliwa, asifunikwe mashuka matatu na kofia ya sufu, joto lake lipimwe mara kwa mara miezi ya mwanzo, na akiwekwa kwenye mashine ya kupasha joto asiachwe bila uangalizi. Hatari kubwa ni utotoni, kabla hajaweza kutembea kuelekea kivulini mwenyewe.

Utasikia pia habari za dawa ya Ujerumani, kwa hiyo bora uisikie kwangu. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen walichapisha taarifa ya watoto watatu, wawili wakiwa mapacha, waliodungwa protini ile inayokosekana kwenye maji ya uzazi wakiwa bado tumboni, kuanzia wiki ya 26. Walizaliwa na tezi, na wanatoka jasho. Ni jambo kubwa, na utafiti mpana zaidi uliendelea katika nchi kadhaa. Lakini haifanyi kazi kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Walijaribu kuwapa watoto wachanga na hawakuona faida ya maana, kwani wakati wa kujengwa kwa tezi ulikuwa umepita. Atakayekuuzia dawa ya kuotesha tezi za jasho kwa mtoto wa miaka minne anakuibia. Vivyo hivyo mafuta ya kuotesha nywele. Nywele za mwanao huenda zikaongezeka kidogo akibalehe, na ndevu mara nyingi huota kama za wengine, bila dawa yoyote.

Binti yako sasa. Wanawake wana X mbili, lakini kila chembe ya mwili huzima moja na kutumia nyingine, jambo alilolieleza mtaalamu wa vinasaba wa Uingereza, Mary Lyon, mwaka 1961. Kwa mbebaji, sehemu za ngozi zilizotumia X nzima hutoka jasho na sehemu zilizotumia nyingine hazitoki. Kliniki inaweza kuonyesha hilo kwa vitu vya bei ndogo: hupakwa ayodini mgongoni, ikikauka hunyunyiziwa unga wa wanga, na akipata joto, penye jasho hugeuka bluu nyeusi. Mbebaji huonyesha mistari na mabaka yaliyobaki meupe. Meno mawili ya juu kutoota kunaweza kuwa dalili ya ubebaji. Kunaweza pia kuwa si kitu, kwa kuwa wapo watu wengi wazima kabisa ambao meno ya juu, yale ya pembeni ya mawili ya mbele, hayakuota. Nusu kwa nusu ndiyo hesabu ya haki kwake hadi apimwe. Aelezwe akifika umri wa kuelewa, na wewe, si shangazi jikoni. Kuwa mbebaji si ugonjwa, na hakuondoi haki yake ya kuolewa na kuzaa.

Nawe jiangalie. Meno yako yote yaliota? Maziwa yalitosha uliponyonyesha? Baadhi ya wabebaji huwa na tezi chache za maziwa, titi moja likiwa dogo, na huambiwa hawajitahidi. Kama ilikuwa hivyo kwako, sababu huenda ni hii. Dada zako wa tumbo moja nao wana nusu kwa nusu. Wana haki ya kujua.

Meno ya mwanao yanaweza kusaidiwa, na mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto wa miaka minne anaweza kuvaa meno bandia ya kuvua na kuvaa, yakibadilishwa kadiri taya linavyokua. Yale yaliyochongoka yanaweza kujazwa yafanane na meno ya kawaida. Faida haiko kwenye kutafuna tu: husema vizuri, na huanza shule akiwa na tabasamu asilolificha kwa mkono. Meno ya kupandikizwa kwenye mfupa kwa kawaida husubiri taya liache kukua, ujana ukielekea mwisho. Gharama zipo, na bima hazilipi kila kitu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuanza. Kabla ya yote ombeni picha ya eksirei ya taya zima, ionyeshe ni machipukizi mangapi yamo ndani na kama lile lililokatwa lilipotea. Hadi hapo, ugali laini na mlenda, maziwa, mayai na maharage yaliyopondwa vinamtosha kabisa kukua.

Mengine ni madogo lakini ya kila siku. Ngozi yake ni kavu na huwa na ukurutu: mafuta ya mgando jioni baada ya kuoga, sabuni isiyo kali. Macho hukauka kwa vumbi letu, daktari anaweza kumpa matone ya kulainisha. Pua hujaza uchafu mgumu wenye harufu, maji ya chumvi ya dawa hulainisha. Kucha zikatwe fupi. Akiwahi kufanyiwa upasuaji, mwambieni mtoa usingizi kwamba hatoki jasho. Akili yake ni ya kawaida kama ya watoto wengine, na atakapoanza shule ndipo utakapohitaji barua ya daktari: asiwekwe kwenye mchakamchaka, asisimamishwe mstarini juani, aruhusiwe kofia na chupa ya maji darasani, akae karibu na dirisha. Walimu wengi hukubali wakielezwa. Wasipoelezwa huona mtoto mtoro wa michezo.

Anzia kituo cha afya hapo Kibaigwa, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya Kongwa, na kutoka hapo Dodoma mjini, General au Benjamin Mkapa, aonwe na daktari wa ngozi, wa meno na wa watoto. Ikihitajika, Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992, na Muhimbili kuna shule ya madaktari wa meno. Kipimo cha vinasaba mara nyingi hulazimu sampuli kutumwa nje ya nchi; ugonjwa huu hutambulika kwa macho na eksirei, kwa hiyo msisubiri kipimo hicho kuanza kumhudumia.

Nenda kabla ya mwezi wa tisa, na daftari la joto mkononi. Mchukue binti yako akaguliwe siku hiyohiyo. Na nenda na mumeo. Mwombe daktari amchoree zile X na Y kwenye karatasi, aione mwenyewe na kuuliza anachotaka, kisha karatasi hiyo aipeleke yeye kwa mama yake.